Rekodi Thelathini na Moja

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo. Wifi yangu aliwasili juzi na masanduku mawili na chupa yake ya chai, akaingia chumba cha mama bila kuuliza, akasogeza kitanda hadi karibu na dirisha. Mimi ndiye niliyekuwa nimekiweka mbali na dirisha kwa sababu ya upepo. Mama ni mama yake. Kwangu ni mama mkwe, ingawa tangu kiharusi kimpate Januari mimi ndiye niliyemlisha, nikamwosha, nikamgeuza. Mkono wa kulia umelala. Maneno yameondoka yote. Ila anaelewa kila kinachosemwa, anaitika na kukataa kwa kichwa, na jicho lake ni lile lile la mkunga mkuu: ukikunja shuka vibaya utajua tu.

Leo nimechapisha sura tisa za kitabu chake. Printa yetu inafanya kazi upande wa Windows tu, kwa hiyo ilibidi nitoke kwenye Linux, mfumo wa pili wa kompyuta yangu, ninakofanyia kazi zangu zote. Nikiwa huko nikafuta ile sehemu tupu ya diski, ya tano, aliyoiacha mwenye kompyuta wa kwanza. Nafasi itanifaa baadaye. Nikafunga kifuniko bila kuzima, kama kawaida yangu.

Jumanne, 5 Machi

Mvua kutwa. Wifi ameomba kompyuta aandike barua ya likizo kwa mwalimu mkuu wake. Nimempa.

Jumatano, 6 Machi

Kompyuta haiwaki.

Hapana, inawaka, lakini haifiki popote. Skrini nyeusi na mistari miwili myeupe: ya kwanza inasema sehemu inayotafutwa haipo, ya pili ni "grub rescue>" na kijistari kinachopepesa kikinisubiri nikipe amri. Kwa kawaida hapo pangetokea orodha ndogo ya kuniuliza naingia Linux au Windows. Kile kiprogramu kinachoamka kwanza na kuuliza hilo swali ndicho kimepotea njia, na kisipoamka hakuna upande unaofunguka, si wangu si wa wengine.

Nilimuuliza Wifi alifanya nini jana.

"Niliandika barua," akasema. "Ikaniambia kuna masasisho, nikakubali. Ikajizima, ikajiwasha, ikawa nyeusi. Nikadhani ndivyo ilivyo."

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa unamwosha mama."

Nikaondoka kabla ulimi haujaniponza. Mle ndani mna sauti ya mama. Kwa miaka miwili, Alhamisi mchana kila tulipopata nafasi, nilikaa naye na simu mezani, akanisimulia kazi yake ya miaka arobaini: wanawake aliowazalisha, makosa aliyoyaona, jinsi ya kumtuliza mtu ambaye hajawahi kuumwa hivyo maishani. Rekodi thelathini na moja. Simu ilipojaa nilizihamishia kwenye kompyuta na kuzifuta kwenye simu. Chuo cha wakunga kinakingoja kitabu muhula ukifunguliwa katikati ya Aprili. Nimeshaandika tisa. Ishirini na mbili zimebaki humo, na mwenye kuzisema hawezi kuzisema tena.

Alhamisi, 7 Machi

Kutwa nzima niko mbele ya skrini nyeusi na simu mkononi. Ushauri mtandaoni ni mwingi kuliko mvua, na kila mmoja anaapa kwamba wa mwenzake ni uongo. Amri nyingi hazijulikani. Naambiwa hivyo kila nikibonyeza. Moja imekubali: "ls", inayotaja sehemu za diski zilizopo. Imetaja mbili tu, ya kwanza na ya tano. Linux yangu ni ya sita. Nimeiandika kwa mkono wangu kwenye daftari siku niliyoipakia: sehemu ya sita.

Nikajaribu ya sita. Haipo. Nikajaribu ya kwanza. Ikasema haiwezi kuisoma. Ya tano sikuigusa, ya tano ni tupu.

Haipo. Nimelitazama hilo neno mpaka mume wangu akaja kunitoa kitini.

Ijumaa, 8 Machi

Nilikuwa na nakala. Sura zote tisa na rekodi kumi na nane niliziweka kwenye diski ya nje, nikaihifadhi juu ya kabati la korido ili isiguswe. Leo nimepanda kiti kuichukua. Paa linavuja pale pale. Nilipoiinua, maji yalitiririka kutoka kwenye tundu la waya kama kutoka kwenye kikombe.

Nimeifunga kwa taulo. Nimekaa chini koridoni. Wifi alipita na beseni, akanitazama, akapita.

Jumapili, 10 Machi

Mvua. Tumekula wote mezani. Mume wangu akajaribu mzaha: "Nyumba ina mawifi wawili na mtandao hakuna." Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Jumanne, 12 Machi

Chuo kimepiga simu. Yule mkufunzi ana sauti ya upole, na upole wake ndio ulionimaliza. Akauliza tunaendeleaje, nikasema vizuri. Akasema wanafunzi wa mwaka huu ni wengi kuliko wa mwaka jana, na vitabu walivyonavyo vimeandikwa na watu ambao hawajawahi kuzalisha mahali ambapo umeme unakatika. Nikasema ndiyo. Akauliza mama anaendeleaje. Nikasema vizuri.

Nilipokata simu, Wifi alikuwa mlangoni na sahani ya mama.

"Kwa nini humwambii ukweli?"

"Ukweli upi? Kwamba umeiharibu?"

Nilisema hivyo. Mlango wa chumba cha mama ulikuwa wazi. Wifi aliiweka sahani mezani taratibu sana, kama kitu kinachoweza kulipuka.

"Mimi nilikubali masasisho, wifi. Kama hilo ndilo lililoua, basi nimeua. Lakini yule humo ndani ni mama yangu. Unadhani hizo sauti ni zako peke yako?"

Nilipoingia kwa mama baadaye kumgeuza, hakunitazama. Alitazama dirishani, alikosogezwa na bintiye.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Umeme ulikatika mara nne. Betri ya kompyuta ilishakufa zamani. Bila waya ukutani haidumu hata dakika moja.

Alhamisi, 14 Machi

Leo ni Alhamisi. Mchana nilijikuta nimekaa kwa mama na simu mezani. Tukatazamana tu.

Jumatatu, 18 Machi

Nimesalimu amri. Nimeipeleka kompyuta kwa fundi wa pale kona, mwenye kibanda cha kioo kilichojaa simu zilizofumuliwa. Kijana mstaarabu, ana mikono safi. Akaiwasha, akasoma, akaguna.

"Hii tunapiga Windows mpya, dada. Kesho kutwa jioni unaichukua ikiwa kama imetoka kiwandani."

"Sitaki iwe kama imetoka kiwandani. Nataka vilivyomo."

"Linux mimi siijui vizuri, sikudanganyi. Nitamuuliza mwenzangu. Niachie namba."

Simu yangu ilikuwa imezima, nikampa namba ya mume wangu. Nilipofika nje nikasimama chini ya mwavuli kama mtu aliyemwacha mtoto mahali asipopajua.

Jumatano, 20 Machi

Nitaandika yote.

Saa nane mchana mume wangu alipiga simu kutoka kiwandani. Mashine za kuchapa zilikuwa zinanguruma nyuma yake, akawa anapiga kelele.

"Habari njema. Fundi amenipigia asubuhi. Amesema mwenzake ameshindwa, akauliza afute aanze upya, nikamwambia aendelee. Jioni unaipata."

"Umemwambia nini?"

"Aendelee. Si una nakala kwenye ile diski ya juu ya kabati?"

Sikuwa nimemwambia. Siku kumi na mbili nimelala naye kitanda kimoja na sikumwambia kwamba diski imelowa, kwa sababu kulisema kungelifanya liwe kweli. Nilikata simu bila kuaga, hata bila kukumbuka kumwambia ampigie fundi amzuie. Wifi alikuwa ametoka tangu saa sita kwenda duka la dawa, mama hakuwa na mtu. Nikabisha kwa jirani, yule mama mshonaji, nikamwomba akae naye. Sijui nilimwomba kwa maneno gani; aliacha cherehani inazunguka.

Barabara ilikuwa imegeuka mto. Mwavuli ulipinduka hatua ya kumi nikauacha. Kiatu kimoja kilibaki kwenye tope nikakiacha nacho. Kichwani nilikuwa nahesabu: amepigiwa asubuhi, kufuta ni dakika tano, sasa ni saa nane na nusu. Nilikuwa nasikia sauti ya mama kwenye rekodi ya ishirini na mbili, ile anayocheka katikati, na nilikuwa nasahau anacheka nini. Hicho ndicho kilichonitisha kuliko yote. Nilikuwa tayari nasahau.

Nilipofika kibandani, fundi alikuwa amesimama nje ya meza yake mwenyewe, mikono kifuani. Ndani, kwenye kiti chake, alikuwa ameketi Wifi. Kompyuta ilikuwa mapajani mwake, imefungwa, na juu yake ameweka mfuko wa dawa za mama, na juu ya mfuko viwiko vyote viwili.

"Mwambie huyu dada anipe kiti changu," fundi akasema. "Tangu saa saba. Wateja wananishangaa."

"Nilipita kuuliza imefikia wapi," Wifi akasema. Hakuwa ananitazama, alikuwa anamtazama fundi. "Nikamkuta ameshachomeka flashi, inamuuliza afute ipi. Nikamuuliza, umeambiwa ufute? Akasema ameambiwa na mwenye nyumba. Nikamwambia mwenye nyumba ni mama yangu, na hajasema."

"Hajasema kweli," nikasema.

"Nilikupigia saa saba, mtandao haukushika. Kwa hiyo nikakaa."

Fundi akainua mikono. "Mimi nilipiga, nikauliza, nikajibiwa. Sijabonyeza kitu. Lakini ningebonyeza, dada, nisikufiche. Dakika mbili nyingine."

Hakuna aliyekuwa na kosa la kukaripiwa. Akatupa mfuko wa nailoni tuifunge. Tulirudi njia nzima tukiwa tumeishika wote wawili, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine, na mguu wangu mmoja peku. Karibu na nyumbani akasema, "Kiatu kiko wapi?" Nikasema sijui. Akasema, "Haya."

Alhamisi, 21 Machi

Nilitaka kuandika kuhusu jana tena, nikarudisha kurasa nyuma kuona nilianzia wapi. Nikasoma Jumatatu ya tarehe nne.

"Nikafuta ile sehemu tupu ya diski, ya tano."

Nimeisoma kama mara ishirini. Kisha nikachukua karatasi, nikachora mstari, nikaugawa. Ukiondoa ya tano kwenye foleni, ya sita inasogea mbele. Ya sita inakuwa ya tano. Kile kiprogramu hakikuambiwa. Kikaenda kubisha hodi kwenye mlango wa sita na kukuta ukuta. Hitilafu ilikuwa bado haijaonekana kwa sababu sikuizima kompyuta. Niliilaza tu. Wifi alipokubali masasisho ikajiwasha upya kwa mara ya kwanza tangu nifute, na hapo ndipo ilipojulikana.

Hakuwa yeye. Wiki mbili za kununa, za kumpokonya beseni, za kumjibu kwa kichwa kama vile na mimi nimepatwa na kiharusi, na hakuwa yeye.

Tena kwa mwandiko wangu.

Ijumaa, 22 Machi

Nilimwambia asubuhi, tukiwa tunatandika kitanda cha mama, mama akiwa kitini. Nilitaka kumwambia jikoni, peke yetu, lakini lile neno baya nililisema mlango ukiwa wazi.

"Wifi. Ni mimi. Nilifuta kitu siku moja kabla hujaigusa. Wewe uliikuta imeshaharibika."

Alikuwa ameshika pembe ya shuka. Akaendelea kuichomeka chini ya godoro, akaipiga ikanyooka.

"Tangu siku ile," akasema. "Kila siku. Nikimtazama mama nasema, nimemnyamazisha mara ya pili."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Leo siwezi."

Niliona ni haki. Mama alikuwa anatutazama zamu kwa zamu. Kisha akanyosha kidole cha mkono mzima kwenye shuka: upande wangu haukukunjwa vizuri.

Jumamosi, 23 Machi

Saa nne asubuhi. Ngurumo mbali. Mume wangu hayuko kazini, nimemweka kwenye swichi ya korido atuambie taa zikififia. Akasema amepandishwa cheo. Tangu nimweleze kuhusu diski iliyolowa anatembea kwa adabu, na tayari ameshapanda juu ya paa mara mbili na lami.

Sikutaka kukaa peke yangu. Nikamwita Wifi. Akaja na miwani yake na kiti chake.

"Nisomee amri kwenye simu, mimi nichape," nikamwambia. "Herufi kwa herufi. Kosa moja linaikasirisha."

"Nafundisha darasa la kwanza," akasema. "Herufi kwa herufi ndiyo kazi yangu."

Skrini nyeusi. Kijistari kinapepesa. Nikaandika ls. Ya kwanza na ya tano, kama zamani. Nikaondoa mikono kwenye vitufe. Maana mpaka hapo nilikuwa na mchoro tu kwenye karatasi. Kama ile sehemu ya tano ingekuwa tupu kweli, basi nilichofuta tarehe nne hakikuwa kisehemu kitupu. Nilikuwa nimefuta rekodi kwa mkono wangu, na hapo kusingekuwa na samahani ya kuomba kwa mtu yeyote.

"Andika," Wifi akasema.

"Subiri."

"Wifi, taa zitazima. Andika."

Nikaandika, nikiiomba inionyeshe kilichomo kwenye ya tano. Nikabonyeza. Nikafumba macho.

"Nini hiki?" nikamsikia. "Imeandika maneno mengi. boot. etc. home. Home si nyumbani?"

Nikafumbua. Ilikuwa pale. Linux yangu yote, imekaa kimya kwenye ya tano kwa siku kumi na nane, bila mtu wa kuibishia mlango.

Bado mistari minne ya kukielekeza kiprogramu mahali papya. Wifi akasoma, mabano, koma, mkwaju, polepole kama kwa watoto. Mstari wa pili nikakosea, ikanikatalia, tukarudia. Wa tatu ukapita. Ngurumo ikapiga karibu na mume wangu akasema, "Zinapepesa," na sauti yake haikuwa ya mzaha tena.

"N, o, r, m, a, l," Wifi akasema. "Basi."

Orodha ikatokea. Linux, Windows. Nilibonyeza ya juu, skrini ikabaki nyeusi muda mrefu sana, nikamshika Wifi mkono na yeye akauacha ushikwe. Kisha picha ya mbele ya skrini yangu ikafunguka, ile ya bustani, na folda yenye jina la mama.

Sikuisikiliza hata moja. Nilichomeka flashi nikanakili kwanza. Ya pili nikanakili tena. Zilipofika zote thelathini na moja kwenye flashi zote mbili ndipo nikakielekeza kile kiprogramu upya moja kwa moja, ili kisipotee kila asubuhi. Nilipomaliza nikatoa flashi moja, nikampa Wifi.

"Hii ni yako. Hata nikiiomba, usiniazime."

Akauvua mkufu wa shingoni, akaitungia hapo.

Dakika kumi baadaye umeme ulikatika mpaka jioni.

Jumatatu, 25 Machi

Nimeizima na kuiwasha mara saba. Inaamka. Natambua kwamba huu nao ni ugonjwa.

Ijumaa, 29 Machi

Wifi anachapa haraka kuliko mimi. Tumegawana: yeye asubuhi, mimi mchana. Sura ya kumi na tano.

Jumanne, 2 Aprili

Paa limezibwa. Mume wangu anamwonyesha kila anayeingia.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua inapungua. Nilimpigia mkufunzi nikamwambia ukweli wote, na hali ya mama. Akaniongezea wiki moja.

Alhamisi, 11 Aprili

Tulikuwa tunaogopa kumsikilizisha mama. Wifi alisema itamuumiza kujisikia akiongea. Mimi nilisema anatusikia tukijifungia chumbani na sauti yake, na hilo linaumiza zaidi. Leo mchana tukaiingiza kompyuta chumbani kwake, tukaiweka juu ya meza ya dawa. Wifi akamuuliza. Akaitika kwa kichwa.

Tulimwekea ya kumi na nne, kwa sababu ni fupi. Anaeleza kuhusu msichana wa kwanza aliyepoteza mtoto mikononi mwa mama, mwaka wa tatu wa mama kazini. Sauti ilijaa chumba, ile sauti nene yenye haraka. Mama alifumba macho akasikiliza. Uso wake haukubadilika mpaka ilipofika: "Tulikuwa tumeita gari mapema, lakini gari lilichelewa, na lilipofika…"

Akainua mkono wa kushoto.

Nikasimamisha. Nikadhani amechoka. Akakataa kwa kichwa, akaonyesha kompyuta. Nikarudisha nyuma. Ilipofika "gari lilichelewa" akainua mkono tena, na safari hii akakataa kwa nguvu, mpaka mto ukasogea.

"Sivyo?" Wifi akauliza. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda. "Gari halikuchelewa?"

Akakataa. Halikuchelewa.

"Lilikuja mapema?"

Akakataa.

"Mama, ni nani aliyechelewa? Daktari?" Hapana. "Mumewe?" Hapana.

Mama akauleta ule mkono wa kushoto taratibu, akaulaza kifuani pake, kiganja wazi. Akauacha hapo. Macho yake yalikuwa kwangu, si kwa bintiye.

"Ulichelewa kuita gari," nikasema.

Akaitika.

Miaka arobaini ameisimulia vile. Kwangu aliisimulia vile, na simu mezani. Wifi alikuwa ameinamisha kichwa kwenye ukingo wa godoro, mabega yanatikisika. Nilivuta kiti mpaka karibu, ili aone skrini. Nikafungua sura ya kumi na nne, nikafuta sentensi ya gari.

"Niandike kama ulivyosema sasa? Wanafunzi wataisoma, mama."

Akaitika kabla sijamaliza.

Nikaandika: "Nilichelewa kuita gari. Nilidhani naweza peke yangu." Nikamsomea. Akaisikiliza mpaka mwisho, kisha akaunyosha ule mkono kuelekea kompyuta na kutikisa vidole viwili, vile alivyokuwa akitufanyia jikoni tukizubaa: haya, inayofuata.